Vipindi vya Kufunza Mbwa: Mahali Somo Linapoishia na Burudani Inapoanzia

Mwaka 2004 chaneli ya National Geographic nchini Marekani ilianza kurusha Dog Whisperer, kipindi kilichomfanya Cesar Millan, mzaliwa wa Culiacán nchini Meksiko, kuwa mfunza mbwa anayejulikana kuliko karibu wenzake wote duniani. Kilidumu hadi 2012. Aliyekitazama atakumbuka maandishi yaliyokuwa yakijitokeza kwenye skrini, yakimwonya mtazamaji asijaribu mbinu zile bila kwanza kumwona mtaalamu. Wengi wetu tuliyapita kama tunavyopita onyo la pakiti ya sigara. Hata hivyo, ukiyatafakari utaona kwamba yanatangaza jambo zito. Somo la kupika halimwambii mtu asipike, na somo la kushona halimkatazi mtu kushika sindano. Kipindi kinachoonyesha namna ya kufanya jambo na papo hapo kumkataza mtazamaji asilifanye kimekwisha kukiri kwamba si darasa, hata kama umbo lake lote ni la darasa.

Mkanganyiko huo ndio ninaotaka kuufumbua hapa, kwa kuwa una madhara ya kweli kwa mbwa na kwa watu. Hoja yangu ni kwamba tatizo kubwa la vipindi hivi haliko kwa mfunzaji huyu au yule. Kiini cha mafunzo ya mbwa ni muda na marudio, na televisheni haina namna ya kuvionyesha vitu hivyo viwili bila kumchosha mtazamaji. Kwa hiyo huvikata, na katika nafasi iliyoachwa wazi huingia mambo yanayopendeza machoni ambayo mara nyingi hayana uhusiano na kujifunza.

Hali haikuanza hivyo. Mwaka 1980 BBC ya Uingereza ilimweka mbele ya kamera Barbara Woodhouse, bibi aliyekuwa amefikia umri wa miaka 70, akiwa na sauti kali, sketi ya kitambaa kizito na imani kwamba mbwa akikosea, wa kurekebishwa kwanza ni mwenye mbwa. Kipindi chake kilikuwa darasa halisi: wenye mbwa wamepangwa kwa mduara, kila mmoja na kamba yake mkononi, na mwalimu katikati akiwakaripia watu zaidi ya wanyama. Woodhouse alitumia kola ya mnyororo inayobana shingo, kifaa ambacho wataalamu wengi wa leo wangekikataa, lakini mtazamaji aliona zoezi lilelile likirudiwa, akaona watu wakishindwa, wakisahihishwa na kujaribu tena. Burudani ilitokana na tabia yake mwenyewe, na nchi nzima ilimwiga sauti. Lile lilikuwa somo lililogeuka burudani bila kukusudia.

Robo karne baadaye mambo yalipinduka. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa ya vipindi vya mageuzi: nyumba chakavu inageuzwa kuwa ya kifahari, na mtoto mtukutu anageuzwa kuwa mtiifu. Chaneli ya Channel 4 ya Uingereza ilifanikiwa sana mwaka 2004 na kipindi cha yaya anayeingia katika nyumba za watu kuwanyoosha watoto, na mwaka uliofuata ikaleta It's Me or the Dog, ambamo Victoria Stilwell aliingia katika nyumba za watu kurekebisha mbwa. Umbo la vipindi hivyo vyote ni moja. Kwanza tunaonyeshwa vurugu, na kadiri zinavyotisha ndivyo inavyokuwa bora. Kisha mgeni mwenye ujuzi anabisha hodi, anatazama, anatoa hukumu, panatokea mvutano, na mwisho familia inatokwa na machozi ya furaha huku mbwa amelala kwenye zulia. Hapa mageuzi ndiyo bidhaa inayouzwa, na mafunzo yameazimwa ili kuibeba.

Linganisha umbo hilo na kazi yenyewe. Kipindi cha saa moja katika ratiba, ukitoa matangazo, hubakiwa na takribani dakika 44, na mara nyingi ndani yake mna mbwa wawili au watatu. Sasa chukua mbwa mmoja anayepandwa na jazba kila pikipiki inapopita. Mfunzaji makini ataanza kwa kutafuta umbali ambao mbwa anaiona pikipiki lakini bado anaweza kula, kugeuza kichwa anapoitwa jina, na kupumua kwa utulivu. Pengine ni mita 40, pengine ni upande wa pili wa uwanja. Pikipiki inapotokea, mbwa anapewa kipande cha nyama. Ikipotea, nyama nayo inakoma. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa vilevile. Baada ya siku kadhaa, mbwa akiona pikipiki anamgeukia mwenye mbwa akitarajia nyama badala ya kuvuta kamba, na hapo ndipo umbali unapunguzwa kwa mita mbili au tatu. Pikipiki moja ikipiga honi karibu naye ghafla, mnarudi nyuma na kuanza mbali tena. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na ikifanywa vizuri hakuna chochote cha kutazama: mtu na mbwa wamesimama mbali na barabara wakila nyama kwa zamu. Hakuna mhariri wa televisheni atakayeiacha picha hiyo idumu zaidi ya sekunde tano.

Zipo hata mbinu sahihi ambazo kamera huzigeuza zikaonekana makosa. Mbwa aliyezoea kubweka ili apewe chakula mezani, watu wote wakianza kumpuuza, kwa kawaida hubweka zaidi kabla ya kuacha, kwa sababu anajaribu kwa nguvu njia iliyowahi kumfaa. Mwenye mbwa asiyeelezwa jambo hili husalimu amri siku ya tatu na kumpa mkate, na hivyo bila kujua humfundisha kwamba kelele kubwa ndizo zinazolipa. Kwa msaada wa mkasi wa mhariri, siku hizo tatu huwa sekunde mbili zenye muziki wa kuchekesha, au hazionekani kabisa. Mtazamaji huachwa na imani kwamba kupuuza hufanya kazi papo hapo, na asipoyaona matokeo hayo nyumbani kwake, anahitimisha kwamba mbwa wake ana kasoro.

Televisheni basi inahitaji mabadiliko ya haraka yanayoonekana kwa jicho, na ipo njia moja ya kuyapata kwa uhakika, nayo ni kumtisha mnyama. Mbwa aliyekuwa akinguruma, akivutwa kola ghafla, akidungwa vidole ubavuni au akilazwa chini na kushikiliwa, mara nyingi hunyamaza, na kunyamaza kunapendeza sana kwenye kamera. Swali ambalo kipindi hakiulizi ni kama mbwa huyo amejifunza au amezimwa. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio, ya kusikitisha kuyasoma leo, ambamo mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka. Baadaye waliwekwa katika kisanduku ambacho wangeweza kuziepuka kwa kuruka tu kizuizi kifupi, lakini wengi wao hawakujaribu. Walilala chini na kuzipokea. Mtu asiyejua wamepitia nini angesema ni mbwa watulivu. Sisemi kwamba kila mbwa anayelala mwishoni mwa kipindi amefika huko. Ninachosema ni kwamba kamera haina uwezo wa kutofautisha utulivu na kukata tamaa, na kwamba sauti ya msimulizi ndiyo inayotuambia tumeona kipi kati ya hivyo viwili.

Msimulizi naye amebeba hadithi tangu nyumbani. Hadithi iliyopendwa kuliko zote ni ile ya kundi la mbwa mwitu na kiongozi wake: kwamba mbwa wako anawania cheo, kwamba anayetangulia mlangoni ndiye mtawala, na kwamba mwenye nyumba asipojifanya jemadari atatawaliwa na mbwa. Mizizi yake inafahamika. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel nchini Uswisi, wanyama waliowekwa pamoja katika eneo dogo wasiloweza kulitoka, na aliona ugomvi mwingi wa vyeo. L. David Mech wa Marekani aliueneza mtazamo huo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu mbwa mwitu. Lakini Mech huyohuyo, kuanzia 1986, alikwenda majira ya joto baada ya majira ya joto katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, akaishi karibu na kundi lililokuwa huru. Alichokiona ni familia: baba, mama na watoto wa miaka tofauti, wazazi wakiongoza kwa sababu ni wazazi. Mwaka 1999 aliandika wazi kwamba kuliita jozi hilo kwa majina ya ubabe kunapotosha, na kwa miaka mingi alimsihi mchapishaji aache kukitoa kile kitabu chake cha zamani. Si kila siku unamwona mwanasayansi akipigana ili kitabu chake mwenyewe kiondolewe sokoni.

Kiswahili chetu kinampa jina la mbwa mwitu mnyama yule wa nchi za baridi, na pia mnyama wa hapa kwetu mwenye madoa na masikio ya mviringo, anayewinda kwa makundi Ruaha, Serengeti na Nyerere. Ni wanyama tofauti. Lakini hata huyu wa kwetu, ukimtazama akila, anaivuruga hadithi ya kiongozi anayekula kwanza: kundi likiangusha swala, wakubwa huwapisha watoto washibe mbele yao. Zaidi ya hapo, mbwa wa nyumbani ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka na si nakala ya mojawapo kati yao. Hadithi ya ubabe ilidumu kwenye skrini kwa sababu ina shujaa, mpinzani na ushindi, na kwa sababu inampa mtu nafasi ya kusimama kifua mbele. Maelezo ya kweli, kwamba mbwa hurudia linalomletea faida na huliogopa lililomuumiza, hayana mpinzani wala ushindi.

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 2006 shirika la American Humane Association liliitaka National Geographic iache kurusha Dog Whisperer. Mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko dhidi ya kutumia nadharia ya ubabe kama msingi wa kurekebisha tabia. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa waliofika kliniki kwa matatizo ya tabia, walioulizwa ni mbinu gani walikuwa wamejaribu na mbwa walijibu vipi. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa kwa mkono au teke, asilimia 43 walisema alijibu kwa ukali. Kwa waliomlaza mbwa chali na kumshikilia ilikuwa asilimia 31. Na kwa waliomkazia macho ilikuwa asilimia 30. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno, wakiwafuatilia mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, waliona kwamba waliofunzwa kwa mbinu za kuumiza walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kortisoli, homoni ya msongo, katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mazoezi kuliko kwa wenzao waliofunzwa kwa tuzo.

Takwimu hizo kwangu zina sura. Niliwahi kuishi jirani na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na mbwa wa ulinzi, dume la rangi ya kahawia, aliyekuwa akinguruma mtu akimkaribia wakati wa kula. Mzee aliona kwenye televisheni jinsi mbwa wa aina hiyo anavyolazwa ubavu na kushikiliwa hadi alegee, naye akafanya vivyo hivyo uani, mbele yetu. Mbwa alilegea. Kwa siku kadhaa hakusikika akinguruma, na mzee alifurahi kuwa tatizo limekwisha. Kisha jioni moja mjukuu wake alipita karibu na sufuria ya ugali, na mbwa akamuuma mkononi bila kutoa sauti yoyote kabla. Niliwakuta wakioshea kidonda kwenye bomba kwa sabuni na maji mengi, mtoto analia, mzee ameshika ule mkono mdogo kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu," aliniambia, "kwenye televisheni alitulia."

Na kweli alikuwa ametulia. Kilichoadhibiwa pale uani ni mngurumo, na mngurumo ndiyo njia ya mbwa ya kusema kwamba anaogopa na kwamba mtu asogee mbali. Mbwa alijifunza kutosema. Hofu yake juu ya chakula ilibaki palepale, na sasa haikuwa na king'ora. Huku kwetu Afrika Mashariki kosa la namna hiyo lina gharama ambayo mtazamaji wa California hailipi kwa urahisi, kwani mbwa ndiye chanzo cha karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa duniani, na ugonjwa huo dalili zikishaanza hauna tiba ya kutegemewa. Kila aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Kuna jambo jingine linalotutenga na vipindi hivyo. Mbwa wa televisheni ni mbwa wa sebuleni, anayelala kwenye kochi na kutembezwa kwa kamba kando ya barabara yenye njia ya miguu. Mbwa wengi wa Nairobi na Dar es Salaam ni wa ulinzi, hufungiwa bandani mchana na kuachiwa usiku, na huwafahamu watu wachache tu. Mbwa wa namna hiyo akimvamia mgeni, swali la kwanza si nani mkubwa ndani ya nyumba. Swali ni saa ngapi anazikaa bandani, na aliwahi kukutana na watu wangapi kwa wema alipokuwa mdogo, hasa kabla ya kufikisha miezi mitatu au minne. Hakuna mbinu ya dakika 44 inayolijibu.

Haki inanitaka niseme pia kile ambacho vipindi hivi vimefanya vizuri. Millan aliwashawishi mamilioni ya watu kwamba mbwa anahitaji kutembea kila siku, na alirudia bila kuchoka kwamba tabia ya mwenye mbwa ni sehemu ya tatizo. Katika hilo alikuwa mrithi wa Woodhouse. Stilwell alileta kwenye saa za jioni wazo kwamba mbwa anaweza kufunzwa kwa tuzo bila kupigwa. Lakini hata mbinu za upole hukatwakatwa na mkasi uleule. Mtazamaji wa kipindi cha upole huondoka akidhani kwamba vipande vitatu vya jibini vinatosha kufuta woga wa miaka mitatu, na akishindwa nyumbani yuko karibu zaidi kuamini kwamba upole haufai. Ndiyo maana nasema kugawanya vipindi hivi kati ya vizuri na vibaya kwa kutazama mbinu pekee hakutoshi. Kipindi kinachofundisha humwambia mtazamaji zoezi lilirudiwa mara ngapi, kwa siku ngapi, lilishindikana wapi, na mbwa alikuwaje baada ya mwaka. Ni vichache vinavyofanya hivyo.

Anayependa kuvitazama, nami ni mmoja wao, anaweza kujifunza mengi kwa kuzima sauti. Msimulizi akinyamazishwa, unabaki na mwili wa mbwa, na mwili huo unazungumza. Mbwa anayelamba midomo ilhali hakuna chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, aliyebana mkia na kufunga kinywa ghafla, huyo ana wasiwasi, msimulizi aseme asemavyo. Mbwa aliyelegea huachia kinywa, hujipinda mwili kidogo anapotembea, na hukusogelea mwenyewe bila kuitwa.

Jaribu hivyo na tukio la 2012 linalomhusu Holly, mbwa jike wa jamii ya Labrador mwenye rangi ya manjano, aliyekuwa akilinda bakuli lake. Kwa sauti ya kawaida ni pambano: Millan anasimama karibu na chakula, anamgusa shingoni kwa mkono, mbwa anatoa meno, wanakaziana macho, mbwa anarudi nyuma, na inaonekana yamekwisha. Kisha mkono wa mtu unasogea, na mbwa anauma na kuung'ang'ania. Zima sauti na urudie kutoka mwanzo. Mwili umekakamaa muda wote. Ulimi unatoka na kurudi. Anarudi nyuma, anatazama pembeni, anaomba nafasi kwa kila njia aliyo nayo, na kila mara anapoiomba, mtu anasogea hatua moja mbele.